Kwenda Wasini Wakati wa Masika na Kusi: Mwongozo kwa Anayesafiri Kutoka Mombasa

Kila mwaka, mvua za masika zinapoanza mwishoni mwa Machi, wengi wetu tunaoishi Mombasa huiweka kando safari ya kisiwa cha Wasini na kusema tutakwenda Desemba, kaskazi itakapokuwa inavuma na bahari imetulia. Mimi pia nilikuwa na fikra hiyo kwa miaka mingi, hadi shughuli ya kifamilia iliponilazimu kuvuka kutoka Shimoni, gati la upande wa bara, mwezi wa Mei, nikakiona kijiji cha kisiwani katika sura ambayo mgeni wa Desemba haioni kamwe: jabia, yaani matangi ya kukingia maji ya mvua, zinajaa, matumbawe yameoshwa yakang'aa weusi, mikoko imekoza kijani, na wenyeji wana wasaa wa kukaa barazani na kuzungumza kwa sababu makundi ya watalii yamepungua. Mwongozo huu nimeuandika kwa yule anayetaka kwenda katika miezi hiyo, baina ya Aprili na Agosti, na jambo ninalotaka alishike tangu mwanzo ni kwamba mvua haimzuii mtu kwenda Wasini. Linalomzuia ni upepo unapokutana na maji vibaya, na mwenye kuyajua hayo mawili ni nahodha wa Shimoni.

Hatua ya kwanza: Tenganisha mvua na upepo

Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "hali ya hewa mbaya" kana kwamba ni kitu kimoja, lakini kwa mwenye kwenda kisiwani ni vitu viwili, na kila kimoja kina miezi yake. Mvua za masika hunyesha kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Juni, na Mei ndio mwezi mzito kuliko yote. Upepo wa kusi nao huanza kuingia Aprili, ukashika nguvu Juni, Julai na Agosti, kisha ukalegea kadiri Oktoba inavyokaribia. Kwa hiyo inawezekana kabisa mwezi wa Mei ukarowa chapachapa na huku maji ya mlango wa bahari wa Shimoni, baina ya kisiwa na bara, yametulia, na inawezekana vilevile mwezi wa Julai ukasimama gatini chini ya jua kali, mbingu haina wingu, na nahodha akakataa kung'oa nanga. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mtu anayeamka Tudor au Kisauni, akafungua dirisha, akaona jua, akakusanya watoto na kuondoka, ilhali dirisha hilo halimwambii lolote kuhusu bahari iliyo umbali wa kilomita kama 80 kusini.

Jiografia ya mahali penyewe inamsaidia msafiri. Wasini ni kisiwa kirefu na chembamba kilicholala mbele ya Shimoni kama ukuta, na mawimbi makubwa ya bahari kuu hupiga upande wake wa nje. Ndani, baina ya kisiwa na bara, maji huwa tulivu zaidi, na safari ya boti ya injini kwa kawaida haizidi robo saa. Hii ndiyo sababu kijiji kinaendelea kufikika siku nyingi za kusi. Visiwa vya Mpunguti na eneo la Kisite, ambako watu huenda kuogelea juu ya matumbawe na kutazama pomboo, viko nje ya kinga hiyo, mbele ya bahari wazi. Ushauri wangu ni kuiondoa Kisite katika mpango wako wa miezi hii tangu ungali nyumbani, ili usije ukashawishika ukiwa gatini na mtu anayetafuta riziki yake ya siku. Hata ukifika salama, maji huwa yamevurugika na hutaona ulichokifuata.

Vimbunga ni nadra kufika kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, lakini Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoelekea kisiwa cha Mafia nchini Tanzania, athari zake zilihofiwa hadi pwani ya Kenya. Tahadhari ya Idara ya Hali ya Hewa inapotolewa kwa pwani, safari imekwisha kabla haijaanza.

Hatua ya pili: Hesabu maji kabla ya kuhesabu nauli

Mtu wa bara akija kwetu huuliza bei ya boti kwanza. Mtu wa pwani anapaswa kuuliza maji kwanza, na ninasikitika kwamba vijana wengi wa mjini, wajukuu wa wavuvi, hawajui tena tofauti ya bamvua na maji mafu. Nitaieleza kwa urefu kwa sababu ratiba nzima ya siku hutoka hapa.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa yaweza kukaribia mita 4. Katika siku hizo maji ya Mombasa hujaa kadiri ya saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kadiri ya saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi unapokuwa nusu, maji huwa mafu: tofauti ni ndogo, mkondo ni dhaifu, na mpangilio wa saa hugeuka, yaani maji hujaa kadiri ya saa nne au saa tano asubuhi na kupwa jioni. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Mamlaka ya Bandari huchapisha majedwali ya maji ya Kilindini, na ukiwa na jedwali pamoja na kalenda ya mwezi unaweza kupanga safari yako wiki tatu mapema.

Hesabu hii ina faida mbili. Ya kwanza ni mkondo. Maji yanapoingia na kutoka katika mlango ule hutembea kwa nguvu, na upepo ukivuma kinyume na mkondo, mawimbi husimama mafupi na makali hata kama upepo wenyewe si wa kutisha. Ya pili ni kushuka na kutembea. Maji yakipwa sana huenda boti ikasimama mbali na ufuko, nawe ukashuka majini ukiwa na mzigo kichwani na jiwe lenye utelezi chini ya nyayo. Na bustani ya matumbawe ya Wasini, ambayo ndiyo fahari ya kijiji, huingiwa na bahari bamvua linapojaa.

Kutokana na hayo, mimi hupanga hivi. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa nyingi na upepo haujakomaa, huchagua siku za bamvua: navuka saa mbili asubuhi, naikuta bustani kavu saa nne hadi saa tano, na narudi saa nane maji yakiwa yanapanda. Mwezi wa Julai huchagua maji mafu, kwa sababu hapo adui ni upepo na sitaki kumwongezea mkondo wa kumsaidia. Bustani siku hizo huwa kavu kwa sehemu kubwa hata maji yakijaa, kwa kuwa kujaa kwenyewe ni kwa kiasi.

Hatua ya tatu: Piga simu, na ujue namna ya kuuliza

Jioni ya kuamkia safari, zungumza na mtu aliyeko Shimoni au Wasini, kisha umpigie tena baada ya swala ya alfajiri. Kama humjui yeyote, muulize mtu wa Likoni au Ukunda akuunganishe. Wavumba, wenyeji wa Wasini, na ndugu zao wametapakaa pwani yote na haichukui muda kupata namba.

Tatizo ni kwamba sisi watu wa pwani tuna adabu ya kumkaribisha mgeni, na ukimuuliza mtu, "Je, hali ni nzuri?" atakujibu, "Alhamdulillahi, nzuri, karibu." Hakudanganyi, amejibu salamu. Uliza mambo yaliyokwisha kutendeka, ambayo adabu haiwezi kuyabadilisha: "Jana mlivuka? Boti ya mwisho ilirudi saa ngapi? Wavuvi wa madau wametoka leo?" Ukijibiwa, "Madau yamelala, lakini boti ya injini yaweza kwenda," elewa kwamba waliozaliwa juu ya maji yale wameamua kukaa nyumbani, na wewe kaa. Methali yetu ya kutosafiria nyota ya mwenzio ina maana yake hapa pia: picha aliyoipiga rafiki yako wiki iliyopita, bahari ikiwa imelala kama kioo, haina habari za leo.

Katika simu hiyohiyo agiza chakula. Baadhi ya mikahawa inayotegemea watalii hufungwa miezi ya mvua, na kinamama wa kijijini hupika kwa oda. Tamka idadi ya watu na saa, na usishikilie kaa wala kamba. Kama wavuvi hawakutoka, utakula wali wa nazi na kunde au mbaazi, na hakuna aibu katika sinia hiyo.

Hatua ya nne: Funga mzigo utakaolowa bila kuharibika

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haviruhusiwi katika maeneo ya hifadhi. Kwa hiyo usitegemee kuzungusha simu katika mfuko wa dukani. Chombo kinachonifaa kuliko vyote ni ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa vizuri, yenye kifuniko kinachobana kwa mlio. Humo huingia simu, pesa, kitambulisho, nguo kavu na dawa, na boti ikirushiwa maji, ndoo inabaki ndoo. Mwenye uwezo anaweza kununua mfuko wa turubai unaokunjwa mdomoni, lakini ndoo ina faida ya kuwa kiti pia.

Mwavuli uache nyumbani, kwa maana kusi itaugeuza ndani nje kabla hujafika mwisho wa gati. Chukua koti la mvua lenye kofia, leso mbili kwa kila mtu, moja ya kujifunika na moja ya kujifutia, na viatu vya raba vyenye kufungwa nyuma. Ndara ni hatari kwa sababu mbili: matope huzivua, na matumbawe ya Wasini yana ncha zinazokata kama chupa iliyovunjika. Jeraha la matumbawe huchelewa kupona, kwa hiyo beba dawa ya kuoshea vidonda na kitambaa safi. Beba pia dawa ya mbu, maana baada ya mvua mbu huzaliana na malaria Kwale ipo. Ukilala, ulizia chandarua.

Chukua maji yako ya kunywa katika chupa ya chuma au dumu. Kisiwa hakina mto wala chemchemi ya maji matamu, na kwa vizazi vingi watu wameishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga na maji yaliyovushwa kutoka bara, kwa hiyo mgeni anayefika na kiu ya lita tatu anakunywa akiba ya mtu. Chukua noti ndogondogo za pesa taslimu pia, kwa sababu umeme na mtandao hupotea siku za mvua kubwa na M-Pesa ikapotea navyo. Na usiende mikono mitupu: kilo mbili za sukari na majani ya chai humfurahisha mwenyeji, hasa katika siku ambazo kuvuka kwenda dukani ni kazi.

Hatua ya tano: Toka Mombasa mapema

Swali alfajiri, kisha uende kivukoni Likoni. Asubuhi upepo kwa kawaida huwa haujaamka sawasawa, na kila saa unayoipoteza kwenye foleni ya feri utailipa baharini. Wenye gari la binafsi wanaweza kupita barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na Kibundani upande wa Kwale bila kuvuka feri. Kutoka Likoni, panda matatu za Lunga Lunga ushuke Kanana, kwenye njia panda ya Shimoni, au usubiri gari la moja kwa moja likiwepo. Kutoka Kanana hadi Shimoni ni mwendo mrefu wa boda boda kwa mtu anayenyeshewa, na dereva wa tuktuk akikutajia bei yake, mlipe.

Ikiwa ni Ijumaa, panga usiwe gatini baina ya saa sita na saa nane, kwa kuwa manahodha watakuwa msikitini.

Hatua ya sita: Gatini, mtazame nahodha

Ukifika Shimoni, msalimie nahodha na wazee walioketi, ukae kidogo, na usianze na neno la safari. Nahodha ninayesafiri naye, mtu mzima ambaye ndevu zake zimeanza kuwa nyeupe, ana desturi moja ambayo nimeitazama mara nyingi. Husimama mwisho wa gati ametulia. Kwanza hutazama minazi ya upande wa Wasini, aone makuti yanalala upande gani. Kisha hutazama boti zilizofungwa nanga: zikielekeza omo, yaani upande wa mbele wa chombo, kwenye upepo, upepo ndio mkubwa, zikielekeza kwenye mkondo, mkondo ndio mkubwa, zikikaa zinayumbayumba bila kuamua, hapo ndipo anapokunja uso, kwa sababu viwili hivyo vinapigania maji yaleyale. Mwisho hutazama mbali, pale mlango unapofungukia bahari kuu, kuona kama mawimbi yanavunja povu jeupe. Hayo yote hayamchukui dakika tano. Akigeuka na kusema, "Tungoje," agiza chai. Akisema, "Leo hapana," mshukuru kwa moyo wa kweli, kwa sababu amejinyima pesa ili akuhifadhi wewe. Usiende kumtafuta nahodha wa pili atakayekubali.

Akikubali, hesabu watu na hesabu majaketi ya kuokoa maisha, na hesabu hizo mbili zilingane kabla hujapanda. Mtoto awe na jaketi la mtoto, kwa kuwa la mtu mzima humpanda usoni akiwa majini. Vaa jaketi juu ya koti la mvua, ulifunge mikanda yote. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka hata kama umeshalipa. Mombasa tuna kidonda cha 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipozama na watu wake waliojazana, wakafa 272, umbali mfupi sana kutoka nchi kavu. Kila ninapoona mtu anaambiwa asogee ili aingie mmoja zaidi, huikumbuka siku ile, na nasema kwa sauti.

Ndani ya boti, kaa chini katikati, uso uelekee mbele, mizigo iwekwe kwenye sakafu. Usisimame kupiga picha. Nahodha akisema watu wahamie upande mmoja, hameni polepole na bila kuuliza sababu.

Hatua ya saba: Kijijini

Wasini haina magari. Vijia vyake vimepita baina ya nyumba za mawe na mapaa ya makuti na mabati, na mvua ikinyesha vijia hivyo hugeuka vijito kwa muda mfupi, kisha hukauka kwa sababu jiwe la matumbawe hunywa maji. Tembea taratibu, hasa penye kivuli, ambako jiwe huota ukungu wa kijani unaoteleza. Wakazi ni Waislamu. Jisitiri mavazi, usilete kileo, na piga hodi hata pale ambapo mlango u wazi. Kwa wazee, shikamoo. Lahaja utakayoisikia ni Kivumba, na sikio la mtu wa Mvita litalazimika kutulia kidogo ili lishike kila kitu, jambo ambalo mimi naliona kuwa nusu ya raha ya safari.

Mvua ikikukuta njiani, usikimbie huku na huko kutafuta mti. Simama chini ya upenu wa nyumba iliyo karibu, toa salamu, na kwa hakika utaambiwa upande barazani. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuhusu kijiji hiki kuliko kwa muongozaji yeyote. Siku ile ya Mei nilikaa kwenye baraza ya mama mmoja huku ngurumo zikipita upande wa Vanga. Matone ya kwanza yalipogonga bati, mabinti wawili walitoka na ndoo, masufuria na beseni moja la bluu, wakavipanga chini ya upenu, lakini bomba la kuingizia maji kwenye jabia wakaliacha limegeuzwa pembeni. Niliuliza kwa nini maji yale yanamwagika bure. Mama alinijibu bila kuinua macho kwenye ukili aliokuwa akiusuka: "Hayo ni ya kuoshea bati. Vumbi na uchafu wa kunguru vitangulie." Baada ya muda, mvua ilipokuwa imeshika sawasawa, aliinuka mwenyewe, akakinga kiganja chini ya bomba, akayatazama maji, akayaonja, ndipo akaligeuza. Sauti ya maji yakianguka ndani ya jabia iliyokuwa karibu tupu ilibadilika kidogo kidogo kutoka mwangwi hadi mlio mzito, na nyumba nzima, pamoja na watoto, ilinyamaza kuisikiliza. Ukipata bahati ya kuiona saa hiyo, weka simu chini.

Bustani ya matumbawe iendee wakati maji yamepwa, kama ulivyopanga. Ni eneo la matumbawe ya kale yaliyoachwa wazi na bahari, yamesimama kwa maumbo ya ajabu katikati ya mikoko, na daraja la mbao limepita juu yake chini ya usimamizi wa kikundi cha kinamama wa kijiji. Lipa kiingilio chao bila kuomba kupunguziwa. Katika miezi hii wageni ni wachache na matengenezo ya mbao hayangoji msimu. Mbao zikiwa zimelowa, tembea katikati yake, mguu mzima ukanyage, na watoto washikwe mikono. Mwanga wa wingu, ambao wengi huulaumu, huyafaa matumbawe yale kuliko jua la adhuhuri: rangi ya jiwe hutoka, na kaa wadogo wa mikokoni hawajifichi.

Ukifika upande wa Mkwiro, mwisho mwingine wa kisiwa, au Kibuyuni upande wa bara, utakuta kilimo cha mwani, kazi ambayo kwa sehemu kubwa imeshikwa na wanawake. Mvua ni adui wa mwani mara mbili, kwa kuwa maji matamu yakizidi baharini huudhuru ungali kwenye kamba, na ukishavunwa, manyunyu huuharibu ukiwa unaanikwa. Ukiona wingu linakuja na watu wanakimbilia vichanja na turubai, shika pembe moja ya turubai. Picha zitangoja.

Bahari ikikataa

Kuna siku utafika Shimoni na jibu likawa hapana, na hiyo isiwe siku iliyopotea. Pango la Shimoni liko hatua chache kutoka gatini, na ndilo lililoupa mji jina. Simulizi za wenyeji zinalihusisha na biashara ya utumwa, kwamba watu walifungiwa humo kungojea vyombo. Ndani kuna popo na maji yanayodondoka, na siku za mvua sakafu huwa na matope, kwa hiyo chukua tochi, na uingie kwa utulivu unaoingia nao makaburini.

Mahali pa pili, ambapo mimi hupapenda zaidi, ni Gazi, kijiji kilicho njiani unaporejea Mombasa. Gazi ilikuwa ngome ya Mazrui baada ya ukoo huo kuipoteza Mombasa mwaka 1837, na ndiko alikokuwa Sheikh Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Leo kijiji kinajulikana kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko huihifadhi, kwa kutunza hekta 117 za mikoko, na mapato yake yameingia katika maji na shule za kijiji. Kinamama wa Gazi wana daraja lao la mbao ndani ya mikoko. Upepo unaokuzuia Shimoni huupati mle ndani. Husikika juu ya majani tu, na mvua hukufikia kwa matone makubwa yanayochuja kupitia matawi. Huhitaji boti wala nahodha, na ukitoka, upate samaki na wali kijijini.

Kurudi

Saa ya kurudi huwekwa na nahodha asubuhi, kabla hujashuka botini, na haibadiliki isipokuwa yeye mwenyewe aiwahishe. Nilivunja kanuni hii mara moja, mwezi wa Julai. Tulikubaliana saa nane. Chakula kilichelewa, kisha nikaomba tupite tena bustanini, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa msafara hakuna aliyenikatalia. Tuliondoka saa kumi. Katikati ya mlango upepo ulikuwa unapambana na mkondo, na mawimbi yalituingilia kwa mfululizo hata watu wawili wakawa hawana kazi nyingine ila kukomba maji. Mpwa wangu mdogo alinishika mkono kwa kucha, hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nahodha aliligeuza chombo, akafuata kivuli cha kisiwa polepole, na safari ya robo saa ikachukua dakika 40. Tulipofunga kamba gatini alisema sentensi moja tu: "Kaka, tukisema saa nane, ni saa nane." Nilimwomba radhi mbele ya wote.

Ikiwa saa ya kuondoka imefika na nahodha anasema upepo umezidi, lala kisiwani. Wajulishe wa nyumbani tangu asubuhi kwamba huenda ukalala, ili mtandao ukipotea wasiingiwe na hofu, na weka katika ndoo nguo ya usiku na dawa za siku moja zaidi kwa mwenye kutumia dawa. Udhia wa kukosa kazi siku moja huponyeka kwa simu ya alfajiri. Kwa mwenyeji atakayekulaza, acha kitu kabla ya kuondoka, na umpe mama wa nyumba mkononi, kwa kuwa wengi wao hawatakutajia bei.

Ukivuka salama na kufika Likoni, panda feri, nenda nyumbani, ukaoge na uzianike raba na makoti yako ya mvua mahali penye upepo. Kabla ya kulala, mpigie nahodha umwambie kwamba umefika. Siku za kusi yeye husubiri simu hiyo.